Mwanangu anacheka nikilia: je, hana huruma?

"Shikamoo mtaalamu. Nina watoto wawili. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka mitatu na miezi minne; mdogo wake ana mwaka na miezi miwili. Mwezi uliopita tulimzika baba yangu huko Korogwe. Jeneza lilipotolewa na sisi wanawake tukaangua kilio, mwanangu alisimama katikati yetu akaanza kucheka kwa sauti. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tangu turudi Dar, nikimkumbuka baba machozi yakanitoka, mtoto anacheka, na akiona siachi ananipiga kofi. Mdogo wake akianguka anacheka vilevile. Wifi yangu anasema ana roho ngumu, eti kila akicheka nimfinye hadi alie ili ajue uchungu ulivyo. Mume wangu anasema nimwache tu, akikua ataelewa. Mimi nimesikia habari za usonji, ile hali ya mtoto kupata shida kuwasiliana na kuhusiana na watu, na sipati usingizi. Anaongea vizuri, anaimba, rangi zote anazijua. Je, mwanangu hana huruma? Na arobaini ya baba ni wiki mbili zijazo: nimwache Dar au niende naye?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzazi. Naanza na pole kwa sababu barua yako yote inamhusu mtoto, wakati wewe mwenyewe umefiwa juzi tu. Huko kufiwa kwako nitakurudia, maana kunahusika na swali lako kuliko unavyodhani.

Hofu yako naielewa hivi: mtoto anayecheka mama yake akilia lazima amepungukiwa na kitu ambacho wenzake wanacho, na usipofanya jambo sasa atakuwa mtu mzima asiyejali. Kwa yale uliyonieleza, mimi sioni hivyo. Naona mtoto aliyekutana na jambo kubwa kuliko uwezo wake wa kulielewa. Na kinachonipa moyo zaidi ni hilo kofi. Mtoto asiyejali machozi ya mama yake angeendelea kusukuma gari lake la plastiki. Wako anaacha mchezo, anakuja, anakutazama, anajaribu kuyakomesha. Njia anayotumia siyo, lakini amejali.

Tuanze na kicheko chenyewe. Kwa mtoto mdogo kicheko si alama ya furaha peke yake. Mwili ukijaa hofu, mshangao au makelele kwa mpigo mmoja, msisimko ule hutafuta pa kutokea, na kwa watoto wengi hutokea kwa kicheko. Hata watu wazima wapo wanaobanwa na kicheko mahali pa kutisha, wakatoka nje wakiwa wameziba mdomo kwa aibu. Mtoto wa miaka 3 hajui kuziba mdomo.

Kuna sababu nyingine ambayo wazazi wengi hawaifikirii, na nakuomba ujikumbushe bila kujihukumu. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu au miwili, mlikuwa mnamtania kwa kujiliza? Nazungumzia ule mchezo wa nyumba nyingi za kwetu: mtoto anakupiga kidogo, au anakunyima biskuti yake, nawe unafunika uso kwa viganja, "iii, iii, mama analia!" Anakuja mbio kukutoa mikono. Unafunua uso ukiwa unacheka, unamkumbatia, na sebule nzima inacheka. Ni mchezo mtamu, sina ugomvi nao. Lakini utazame kwa macho yake. Ameucheza labda mara mia, na kila mara kilio cha mama kimeishia kwenye kicheko, tena yeye ndiye aliyekigeuza. Sasa siku ya mazishi anawaona wanawake kumi, ishirini, wamefunika nyuso kwa kanga, wanatoa sauti ile ile. Akacheza zamu yake. Akangoja mfunue nyuso mcheke pamoja, hamkufunua.

Mwaka jana nilikaa chumbani na mama mmoja na binti yake wa miaka 2 na nusu, malalamiko yakiwa kama haya yako. Nilimwomba mama ajilize. Binti akaangua kicheko, akamrukia mapajani kumtoa mikono. Tukaacha kidogo. Kisha nikamwomba mama ajifanye amebanwa kidole na droo ya meza yangu: akishike, akitazame, aseme "kidole kinauma". Yule binti akanyamaza kimya. Akasogea taratibu, akakitazama kidole, akaitazama droo, akamtazama mama usoni, kisha akakishika kwa mikono miwili akakipuliza. Ni mtoto yule yule, muda wa dakika tano. Tofauti ni kwamba mara ya pili aliiona sababu.

Hapo kwenye sababu ndipo penye jibu langu lote, kwa hiyo niruhusu nieleze polepole jinsi uelewa huu unavyojengeka.

Mtoto hazaliwi mtupu. Vichanga wa siku moja au mbili wakisikia kichanga mwenzao akilia, nao hulia. Kila mkunga aliyefanya kazi wodi ya wazazi anaijua hali hiyo. Huko si kuelewa bado, ni kuambukizwa. Kufikia mwaka mmoja mtoto anausoma uso wa mama yake kama anavyosoma dereva taa za barabarani. Mwaka 1985 James Sorce na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la watoto wa mwaka mmoja waliowekwa juu ya meza ya kioo, ambayo katikati inaonekana kama ina shimo. Mama alisimama ng'ambo. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha uso wa woga, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Mama hakutamka neno.

Kisha huja hatua ambayo mimi huipenda kuliko zote. Mwaka 1997 Betty Repacholi na Alison Gopnik waliwapa watoto mabakuli mawili, moja la biskuti ndogo za chumvi na jingine la brokoli mbichi, ile mboga ya kijani. Watoto karibu wote walipenda biskuti. Mtafiti akaonja, akakunja uso kwa biskuti na kuifurahia brokoli, halafu akanyoosha mkono: nipe kidogo. Watoto wa miezi 14 walimpa biskuti, yaani kile wanachokipenda wao. Wa miezi 18 walimpa brokoli. Ndani ya miezi minne tu mtoto anagundua kwamba moyo wa mwenzake una mapenzi yake, tofauti na wa kwake. Ndiyo maana ukiwa na mtoto wa mwaka mmoja na kidogo, ukilia anakuletea chupa yake ya maziwa au kijitambaa chake cha kulalia. Ni huruma ya kweli, ila anakupa dawa inayomtuliza yeye.

Kwa hiyo kusoma uso hakumshindi mwanao, na kujali hakumshindi. Kinachomshinda ni kujua machozi yametoka wapi. Francisco Pons, Paul Harris na Marc de Rosnay waliwapima watoto wa miaka 3 hadi 11 huko Uingereza kwa picha na visa vifupi, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Waliona uelewa wa hisia unapanda kwa ngazi. Ngazi ya kwanza, ambayo wengi huwa wameipanda wakiwa na miaka 5, ni kutambua nyuso, kujua kwamba tukio linaloonekana huleta hisia (umenyang'anywa mpira, unalia), na kujua kwamba kumbukumbu ya jambo lililopita inaweza kumrudishia mtu huzuni leo. Kufikia miaka 7 wanajua kwamba hisia hutegemea mtu anataka nini na anaamini nini, na kwamba mtu anaweza kutabasamu huku moyoni analia. Hisia mbili kwa wakati mmoja, furaha ya harusi na huzuni ya kumwacha mama, wengi huzielewa wakiwa na miaka 9 hadi 11.

Soma tena hapo penye kumbukumbu: hadi miaka 5. Wako ana miaka 3 na miezi 4. Umekaa kitandani, hujaanguka, hujapigwa, hakuna aliyekunyang'anya kitu, na machozi yanakutoka. Yeye anatafuta droo iliyokubana kidole na haioni. Ongeza kwamba watoto wengi huelewa sawasawa kwamba aliyekufa harudi wakiwa kati ya miaka 5 na 7. Unataka aelewe kitu ambacho nusu yake haijamfikia.

Sasa nirudi kwako. Mwanasaikolojia Edward Tronick, miaka ya 1970, aliwaomba kina mama wacheze na vichanga wao kama kawaida, kisha kwa dakika chache wageuze uso uwe mkavu, bila kuitika chochote. Watoto walitabasamu, walinyoosha mikono, walipiga kelele, kisha walianza kulia. Kila mmoja alijaribu njia zote alizozijua kumrudisha mama yake. Mtu aliyefiwa anakuwa na uso huo pasipo kukusudia. Yupo nyumbani lakini hayupo. Inawezekana sana kicheko kile na kofi lile ni njia mbili za kusema "mama, rudi". Unasema hupati usingizi. Kama ni hofu ya mtoto, natumaini barua hii itaipunguza. Kama ni zaidi ya hapo, chakula hakipiti, wiki zinakwenda na huoni maana ya kuamka, tafadhali nenda hospitali uonane na mtu wa afya ya akili, na umwambie mumeo leo, usingoje. Na mtafute mtu wa kulia naye, dada yako au rafiki, ili mtoto asiwe ndiye shahidi pekee wa msiba wako.

Wifi yako anakutakia mema, lakini ushauri wake usiufuate. Ukimfinya anapocheka, maumivu yanamjaa yeye mwenyewe. Kichwani hapabaki nafasi ya kufikiri habari za mwingine. Anachojifunza ni kwamba mtu akilia karibu yangu, mimi nitaumizwa. Mwaka 1985 Mary Main na Carol George walichapisha walichokiona kwenye vituo vya kulelea watoto wa miaka 1 hadi 3, nusu yao wakiwa wanapigwa na kuumizwa nyumbani. Mwenzao alipolia, watoto waliozoea kupigwa walishtuka, walikasirika, wengine walimpiga yule anayelia. Hakuna hata mmoja wao aliyeonyesha kumhurumia. Simaanishi mfinyo mmoja unamfikisha mtoto huko. Namaanisha njia hiyo inaelekea upande wa pili kabisa wa unakotaka kwenda.

Mumeo amepata nusu. Umri unasaidia, ila umri peke yake hautoshi. Huko Nikaragua, viziwi waliokusanywa kwenye shule ya Managua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 walijitungia lugha ya alama wenyewe. Jennie Pyers na Ann Senghas, mwaka 2009, waliripoti kwamba wale wa kundi la kwanza, watu wazima tayari, lugha yao ilikuwa na maneno machache mno ya "anadhani" na "anajua", na walishindwa maswali ya kubashiri mwenzao anafikiri nini, maswali ambayo vijana wa kundi la baadaye waliyaweza. Walipoyapata maneno hayo, uwezo ukapanda. Mambo ya moyoni hayaonekani, kwa hiyo mtoto huyafikia kwa kusikia yakitajwa. Judy Dunn na wenzake nao walionyesha mwaka 1991 kwamba watoto ambao nyumbani kwao, wakiwa na miaka 3, hisia zilizungumzwa zaidi, walikuwa mahodari zaidi wa kutambua hisia za watu wakiwa na miaka 6.

Basi zungumza. Siyo darasa, dakika moja moja, jikoni, kwenye daladala, unapomwogesha. Taja hisia na sababu yake pamoja: "Dada amenuna kwa sababu mvua imenyesha na alitaka kwenda kucheza." "Kondakta amekasirika, yule abiria hajalipa." Usiishie kwenye furaha na huzuni. Kiswahili kimekupa kununa, kuudhika, kuona haya, kuona wivu, kushtuka, kukata tamaa, kudeka. Mtoto wa miaka 3 anaweza kuyabeba yote. Na yeye mwenyewe mtajie yake: "Umekasirika kwa kuwa nimezima televisheni." Mtoto ambaye hisia zake hutajwa hupata kipimo cha kupimia za wenzake. Akiambiwa "mwanaume halii" kila anapolia, ataona kilio ni kitu cha kuchekwa, nanyi mtakuwa mmemfundisha.

Machozi yako usiyafiche yote, ila yape sababu inayoonekana. Chukua picha ya baba. Mwambie: "Huyu ni babu. Babu amekufa, harudi tena. Mama anamkumbuka, ndiyo maana analia. Wewe hujanikosea. Kaa hapa nami." Usimwambie babu amelala au amesafiri, wapo watoto wanaogopa kulala baada ya hapo, au kila mgeni akigonga wanakimbilia mlangoni. Akicheka, usimkemee. Mwambie kwa sauti ya kawaida, "Sasa hivi sichezi, nalia kweli." Akipiga, shika mkono wake: "Kofi linauma. Nishike hivi." Na ule mchezo wa kujiliza, kwa miezi hii michache, uacheni nyumba nzima, wajomba na mashangazi wote.

Kuhusu mdogo wake: kuanguka kwenyewe kunachekesha machoni mwa mtoto, na wivu kwa mdogo aliyekuja kuchukua mapaja ya mama ni jambo la kutazamiwa. Usimlazimishe "sema pole!" mbele ya watu. Lugha yetu imetenga pole na samahani: samahani ni ya aliyekosa, pole ni ya yeyote anayeona mwenzake ameumia. Mtoto akitozwa pole kama faini, maneno hayo mawili yanakuwa kitu kimoja kwake, adhabu. Iseme wewe, yeye akisikia, halafu mpe kazi: "Mtoto ameumia goti. Tumletee nini?" Mwache achague. Akileta mpira badala ya maji, pokea.

Usiku mpigie hadithi za sungura na fisi. Sungura ameitoa nyama kwenye chungu akaihamisha, fisi hakuona. "Fisi akirudi ataitafuta wapi?" Mtoto wa umri wake kwa kawaida atasema pale ilipo sasa, kwa sababu yeye anajua. Usimkosoe, endelea na hadithi ajionee fisi anavyokwenda kwenye chungu kitupu, umuulize fisi anajisikiaje. Karibu na miaka 4 au 5 utashangaa siku moja anakujibu, "Atatafuta kwenye chungu, hajui!"

Usonji, kwa uliyoandika, siuoni, lakini barua haimpimi mtoto. Jiulize haya: Anaitika jina lake? Anakunyooshea kidole kukuonyesha ndege au gari, siyo kuomba tu? Anakutazama ili mfurahie pamoja? Anacheza kuigiza, kama kumlisha mdoli au kupika mchanga? Majibu yakiwa hapana kwa mengi, au kama amewahi kupoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke kwa daktari wa watoto hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa. Masikio pia yapimwe, hasa kama huwa yanatoa usaha. Asiyesikia vizuri hukosa mazungumzo haya yote. Nenda pia ukiona anaumiza mdogo wake au wanyama kwa makusudi tena na tena, au kama kicheko kinamjia ghafla bila chochote kutokea, macho yamekodoa, ukimwita hasikii. Aina hiyo ni nadra, lakini inaweza kuwa kifafa na inahitaji daktari.

Arobaini nenda naye. Siku moja kabla mweleze atakachokiona: watu wengi, turubai, sufuria kubwa, dua, na baadhi ya watu watalia kwa sababu wanamkumbuka babu. Mchague mtu mmoja asiye na kazi ya kupika wala kupokea wageni, mjomba kijana anayempenda, awe wake siku nzima. Akianza kucheka, huyo amshike mkono wakatazame wanaokoroga pilau, na warudi atakapotaka kurudi.